Penseli ya Fundi Maji

Kwenye kichujio cha kiyoyozi, chumba cha watoto, Mabela,
upo mwandiko wa baba kwa penseli:
Kibadilishwe Machi.
Hakuandika Machi ya mwaka gani.
Alidhani tungejua.

Tulikuwa tukimwambia, Baba, hii ni nyumba, si mtambo.
Akasema, mtambo ni nini basi
kama si nyumba yenye mtu wa kuangalia geji?

Alitoka Wete na miaka kumi na tisa,
sanduku la bati, cheti cha shule, na Kiarabu cha msahafuni
ambacho Maskati walikicheka.
Zinjibari, wakamwita, hata aliposema Pemba.
Jeshi halikucheka. Jeshi lilitaka mikono mitulivu.
Wakampeleka Dhofar mwezi wa Julai,
ukungu wa kharifu umeshuka hadi magotini mwa ngamia,
wakampa kijiti chembamba cha chuma
na barabara ya kwenda Thumrait.

Hayo hakutusimulia. Tuliyapata vipande vipande,
kama shanga zinavyookotwa chini ya kabati:
kwamba bomu la ardhini hutafutwa kwa kupiga magoti,
kijiti kikaingizwa kwa mlalo, polepole,
kama unavyopima keki kama imeiva;
kwamba alihesabu kwa Kiswahili,
maana amri zilikuja kwa Kiarabu na kwa Kiingereza
naye alitaka ibaki lugha moja isiyo na amri ndani yake;
kwamba Humaid bin Sulaim alikuwa nyuma yake hatua sita,
na kwamba ya saba...
Hapo aliinuka kwenda kufunga bomba
lisilovuja.

Serikali ikamsomesha. Akarudi mhandisi,
Ghubra, kwenye mtambo wa kuivua bahari chumvi yake.
Miaka ishirini na nane aliyaonja maji kila asubuhi,
ulimi kwanza, maabara baadaye.
Cheo chake kilijaza mlango wa ofisi; yeye alijiita fundi maji.
Bibi akisema maji yakimwagika hayazoleki,
alimjibu kwa adabu: "Yanazoleka, mama.
Inategemea mteremko umeuweka wapi."

Mama alikuwa muuguzi, zamu ya alfajiri, hospitali ya Khoula.
Kwa hiyo aliyetusuka ni yeye.
Wasichana watatu tumepangwa kwenye ngazi,
kitana, mafuta ya nazi, na rula ya chuma.
Njia za vichwani mwetu zilinyooka kama michoro yake,
hata mwalimu wa darasa la pili akauliza
ni saluni gani hiyo.
Tukasema, ya jeshi.

Usiku alitembea ukumbini.
Pekupeku, bila taa, ukingo wa unyayo ukigusa vigae kwanza,
uzito ukifuata baadaye, kama unaomba ruhusa.
Moja. Mbili. Tatu.
Tulidhani anatuhesabu sisi. Tulikuwa watano,
lakini hesabu haikuwahi kuishia tano.
Ilifika sita, ikasimama
mlangoni mwa Rayya, kitindamimba, mwenye pumu,
hata dakika nzima,
mpaka asikie pumzi.
Ndipo akasema saba.

Leo ni Machi. Mojawapo ya Machi zake.
Nimepanda ngazi, vumbi la mwaka mzima limenijaa kwenye nyusi.
Azzan, mjukuu aliyepishana naye kwa wiki mbili,
sasa ana miaka sita, ameishika ngazi kwa mikono yote,
ananiuliza kwa Kiarabu kwa nini tusimwite mtu.
Namwambia kwa Kiswahili: hesabu vidato.
Kiswahili chake ni cha kuomba chai na maandazi,
lakini anajaribu. Anakosea baada ya nne, anarudi mwanzo.
Kichujio kipya ni cheupe, kinatia haya kukiandika.
Penseli nimeiuma kwa meno,
ina chumvi, au ni mimi.

"Sita," anasema,
kisha ananyamaza, ananitazama.

Sishuki.
Namsubiri.